Dar hadi Mwanza: saa moja na nusu za tiketi, saa sita za msafiri

Ukiuliza Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege ni muda gani, utapata majibu matatu, na yote yana ukweli wake. Simu itakwambia saa moja na dakika chache. Tiketi itakwambia saa moja na nusu, au karibu mbili. Mtu aliyewahi kutoka Mbagala akaenda kulala Nyegezi atakwambia nusu siku imekwisha. Makala hii ni ya anayetaka kupanga: anayekwenda kwenye usaili, kesi, harusi, msiba au kufuata mzigo, na anahitaji kujua aondoke nyumbani wakati gani. Nasema mapema msimamo wangu. Muda wa angani ndio unaotangazwa kuliko yote, na ndio unaosaidia kidogo kuliko yote. Muda wa kupangia safari ni ule wa kutoka mlango wa nyumbani hadi mlango wa unakokwenda, tena unaohesabiwa kinyumenyume, kuanzia kwenye shughuli inayokupeleka.

Tuanze na umbali, maana hapo ndipo namba zinapoanza kugongana. Ukitafuta kwenye intaneti utakuta 850, utakuta 1,150, utakuta 530, na pengine 460. Hakuna aliyekosea. Kilomita 850 ni mstari wa angani kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Mwanza ulioko Ilemela. Kilomita 1,150 hivi ni za barabara, inayopita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Ile 530 ni umbali wa angani uliogeuzwa kuwa maili za kawaida, ambazo kila moja ni kilomita 1.609. Na 460 ni maili za baharini, za kilomita 1.852, ambazo ndizo marubani na waongozaji wa ndege wanazozitumia kazini. Kwa hiyo kabla hujalinganisha namba mbili, tazama kipimo, kisha tazama kama ni ya angani au ya barabarani.

Umbali wa angani unaweza kuupata mwenyewe kwa karatasi na kikokotoo. Uwanja wa Dar es Salaam uko takriban nyuzi 6.88 kusini mwa ikweta na nyuzi 39.20 mashariki. Wa Mwanza uko nyuzi 2.44 kusini na 32.93 mashariki. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 4.44, ya longitudo ni 6.27. Nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111, na huku kwetu jirani na ikweta nyuzi ya longitudo nayo hukaribia hapo hapo. Zidisha, utapata kilomita 493 kuelekea kaskazini na 696 kuelekea magharibi. Kilichobaki ni kanuni ya pembetatu mraba tuliyoisoma sekondari: kila namba izidishe kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni 853. Njia hii inafaa kwa safari za ndani ya Tanzania, Kenya, Uganda na majirani. Usiipeleke London wala Toronto, maana nyuzi za longitudo hubanana kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, na njia fupi ya ndege hujipinda ukiitazama kwenye ramani bapa.

Hesabu hiyo ina kazi. Ukishajua kwamba Mwanza iko kilomita 850, ukaona tiketi ya bei nafuu inayosema saa tatu na nusu, unajua bila kuuliza kwamba ndege hiyo inapitia mahali, labda Kilimanjaro, kushusha na kupakia. Pengine hilo halikusumbui. Lakini ni vizuri ulijue unaponunua, kuliko kulijua mlango wa ndege unapofunguliwa na watu wa Moshi wakaanza kushuka.

Sasa mwendo. Kosa la vikokotoo vingi vya mtandaoni ni kuchukua umbali na kuugawa kwa kasi ya ndege kubwa, kilomita 800 au zaidi kwa saa, kana kwamba ndege huanza na kasi hiyo ikiwa bado ardhini. Ndiyo hiyo saa moja na dakika chache. Ndege hupaa taratibu, huzunguka kushika uelekeo wake, hupanda kwa dakika kadhaa, kisha kabla ya kufika huanza kushuka na kupunguza mwendo, na mara nyingine huwekwa kwenye mstari nyuma ya nyingine inayotua. Mimi hugawa umbali kwa kasi ya ndege husika, halafu naongeza dakika 25 hadi 30. Katika safari ya saa tisa nyongeza hiyo haionekani. Katika safari ya Mwanza ni karibu theluthi ya muda wote wa angani.

Nimesema ndege husika kwa sababu njia hii hutumia ndege za aina mbalimbali. Airbus A220 ni ya jeti, mwendo wake angani ni kama kilomita 800 na kidogo kwa saa, nayo itakufikisha kwa saa moja na nusu hivi. Dash 8-400, ile ya panga boi, huenda kama 620 hadi 650, na itachukua saa moja na dakika 45 au 50. ATR, nayo ya panga boi, iko karibu na 500, kwa hiyo panga saa mbili na kidogo. Basi ukiona shirika lilelile limeandika muda tofauti kwa safari ya Jumatatu na ya Jumanne, ujue ndege zimetofautiana. Aina ya ndege huandikwa kwenye ukurasa wa kununulia tiketi, ukiifungua ile sehemu ya maelezo ambayo wengi huipita. Ila usiitegemee kama kiapo, kwani shirika linaweza kubadilisha ndege siku yenyewe, hasa moja ikiwa karakana.

Upepo nao huulizwa sana. Kati ya London na New York, zaidi ya kilomita 5,500, tofauti ni kubwa: kwenda magharibi ni kama saa nane, kurudi ni kama saba, kwa sababu ya upepo mkali wa juu unaovuma kuelekea mashariki. Kwenye ukanda wetu wa tropiki upepo wa huko juu ni hafifu. Kwenda Mwanza na kurudi Dar kutatofautiana kwa dakika chache tu, kwa hiyo huna haja ya kuliwazia.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi, tena, si wa angani peke yake. Unaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na unaisha inapoegeshwa upande wa pili, kwa hiyo ndani yake mna kutembea ardhini hadi mwanzo wa njia ya kurukia na foleni ya hapo. Mashirika huongeza na dakika chache za akiba. Ndiyo maana mara nyingine rubani anawatangazia kwamba mmewahi kwa dakika kumi, ilhali hakuna aliyekimbia.

Tumchukue sasa mtu wa Mbezi Luis anayekwenda Nyegezi, ndege yake ikiondoka saa mbili asubuhi. Mashirika mengi hushauri abiria wa safari za ndani awe uwanjani saa mbili kabla, kwa hiyo awepo saa kumi na mbili. Kutoka Mbezi atapita Malamba Mawili na Kinyerezi atokee Banana. Alfajiri njia ni nyeupe, lakini mtu mwenye busara anajipa saa nzima, maana lori moja likiharibika hapo katikati hakuna pa kupenyea. Ametoka nyumbani saa kumi na moja. Ndege inatua saa tatu na nusu. Mpaka aingie jengoni, asubiri begi na kupata usafiri, ni saa nne. Uwanja wa Mwanza uko kama kilomita 10 kaskazini ya katikati ya jiji, na Nyegezi iko upande wa kusini, kwa hiyo lazima alivuke jiji lote. Saa tano anagonga hodi. Kuanzia saa kumi na moja hadi saa tano ni saa sita kamili. Ukigawa kilomita 850 kwa hizo sita unapata mwendo wa kilomita 140 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi halisi ya ndege yake.

Katika saa sita hizo, za kwenye tiketi ni moja na nusu, robo tu. Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wanaopoteza jioni nzima wakitafuta ndege yenye dakika 15 pungufu. Dakika hizo foleni ya Tazara inazimeza bila kutafuna. Ukitaka kuokoa muda, uokoe kwenye zile saa nne na nusu zilizobaki. Safiri na begi la mkononi kama mzigo unaruhusu, upunguze nusu saa kule Mwanza. Kamilisha taratibu za abiria kwa simu, kama shirika lako linaruhusu, usiku wa kuamkia safari. Kama unatoka Tegeta au Mbweni na ndege yako ni ya jioni, usitoke wakati ambao ofisi zinafungwa. Ni bora ukakae uwanjani saa moja zaidi kuliko kukaa Ubungo ukitazama saa. Anayetoka Kigamboni aamue mapema kama atapanda kivuko au atapita daraja, na asibadilishe mawazo njiani.

Basi je? Kituo cha mabasi cha Magufuli, kilichofunguliwa 2021, kiko hapo hapo Mbezi Luis, kwa hiyo jirani yetu huyu ana faida: anaweza kufika kituoni kwa miguu. Sheria inayabana mabasi yasizidi kilomita 80 kwa saa barabara kuu na 50 kwenye makazi, na siku hizi LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, inayafuatilia kwa vifaa vilivyofungwa ndani ya basi. Hata basi likienda 80 bila kugusa breki, kilomita 1,150 ni zaidi ya saa 14. Ongeza mizani, vituo vya kula, vijiji vinavyofuatana na askari wa barabarani, utafika saa 16 hadi 18. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na hilo limebadilisha hesabu kwa namna moja: saa hizo 17 unaweza kuzitumia usiku badala ya kuua siku ya kazi. Bado unafika umechoka. Kwa kijana anayekwenda kusalimia, sawa. Kwa mtu anayeingia kwenye usaili saa tatu asubuhi, mimi nisingemshauri.

Kwa umbali wa Mwanza, basi, ndege inashinda kwa mbali, saa sita dhidi ya 17 au 18. Lakini ushindi huo huyeyuka haraka umbali ukipungua. Dodoma iko kama kilomita 390 kwa anga. Ndege ni kama saa moja, ila zile saa za kwenda uwanjani, kusubiri na kutoka hazipungui hata kidogo kwa sababu safari ni fupi. Treni ya SGR, iliyoanza kwenda Dodoma Julai 2024, hutumia takriban saa tatu na nusu, na stesheni ya Dar iko katikati ya jiji. Kwa mtu wa Kariakoo au Ilala, kutoka mlango hadi mlango vyombo hivi viwili vinakaribiana sana, na treni inampa nafasi ya kufanya kazi au kulala bila kukatizwa. Wakenya wanaijua hesabu hii kati ya Nairobi na Mombasa. Angani ni kama kilomita 420, chini ya saa moja. Treni ya SGR tangu 2017 hutumia kama saa tano. Hapo ndege bado iko mbele, ingawa jibu hubadilika kutegemea unaishi wapi, kwa kuwa treni inaanzia Syokimau na kuishia Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa. Kwa safari iliyo chini ya kilomita 500, fanya hesabu ya pande zote mbili kabla ya kulipa. Ikizidi hapo na una haraka, usijisumbue, nunua tiketi ya ndege.

Reli ya zamani kwenda Mwanza ipo tangu 1928, na treni yake huchukua karibu siku mbili. Reli mpya ya kufika huko bado inajengwa. Kuna wanaochanganya: SGR hadi Dodoma, halafu basi la kilomita 700 hivi zilizobaki. Inawezekana, na unaziepuka foleni za Kibaha na Chalinze, lakini hakikisha una tiketi ya basi mkononi kabla hujapanda treni.

Sasa nifike kwenye kupanga kinyumenyume, ambako ndiko watu wengi wanakoteleza. Chukua msiba, kwa kuwa ndiyo safari ya ghafla kuliko zote. Umepigiwa simu usiku, mazishi ni kesho saa nane mchana, Sengerema. Watu huanza kwa kuuliza kuna ndege ya kwanza saa ngapi. Anza upande wa pili. Kuwa makaburini saa nane maana yake kuwa nyumbani kwa marehemu angalau saa saba, usalimie, uweke mkono wa pole, uonekane na wakubwa. Kutoka uwanja wa Mwanza hadi Sengerema, kwa gari lako au la kukodi, weka saa mbili, na kama unatumia usafiri wa umma weka tatu. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo ule muda wa kusubiri kivuko umeondoka. Wenyeji wa siku nyingi bado huuhesabu kwa mazoea, waambie waufute. Basi, ukihesabu zile tatu, unatakiwa kuwa nje ya uwanja wa Mwanza kabla ya saa nne asubuhi. Ndege lazima itue saa tatu na nusu, iondoke Dar saa mbili. Ndege ya saa nne haikufai hata kama ni nafuu kwa nusu bei, na heri ulijue hilo kabla hujalipa.

Hesabu hiyo hiyo inafaa kwa anayekwenda mahali ambapo Mwanza ni njia tu. Anayekwenda Ukerewe lazima aijue ratiba ya meli ya Nansio kabla ya ratiba ya ndege, kwani majini peke yake ni kama saa tatu, na meli ikishang'oa nanga hakuna wa kuirudisha. Anayekwenda Chato au Bukoba aangalie kwanza kama siku hiyo kuna ndege ya kwenda huko huko, maana Chato na Bukoba vina viwanja vyake.

Jambo linalowaponza wengi kuliko umbali na kasi ni saa zenyewe na tarehe. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, tiketi inahesabu kuanzia katikati ya usiku. Toa sita, au ongeza sita, kila mtu anajua. Hatari iko kwenye saa za usiku wa manane. Tiketi ikisema tarehe 15, saa 00:40, hiyo ni saa sita na dakika 40 usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake unatoka nyumbani tarehe 14 jioni. Ukisubiri tarehe 15 iishe ndipo uanze kufunga begi, ndege ilishaondoka karibu saa 24 zilizopita. Safari nyingi za kimataifa kutoka Dar huondoka usiku, kwa hiyo jambo hili si la nadra. Unapomwambia ndugu atakayekuja kukupokea, taja usiku wa kuamkia siku gani, na utaje jina la siku pamoja na tarehe.

Mwanza na Dar zina saa moja, kama ilivyo Kenya na Uganda, kwa hiyo kwenye njia hii unatoa muda wa kuondoka kwenye muda wa kufika, basi. Ukivuka mpaka wa magharibi mambo hubadilika. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, yaani Goma, Bukavu na Lubumbashi, wako nyuma yetu kwa saa moja; Kinshasa iko nyuma kwa mbili. Kila muda unaoandikwa kwenye tiketi ni wa mahali husika. Ndege ya kwenda Kigali inayoondoka Dar saa nne asubuhi na kutumia saa moja na dakika 50 itaandikwa kwamba inafika saa nne na dakika 50 asubuhi. Ukitoa kwa haraka utadhani umepanda roketi. Ya kurudi, kinyume chake, itaonekana imechukua karibu saa tatu. Kuelekea Ghuba ni upande wa pili: Dubai na Muscat wako mbele yetu kwa saa moja. Dar hadi Dubai ni takriban kilomita 4,000, kama saa tano na nusu angani, na tiketi itaonyesha kama sita na nusu. Wenye ndugu Uingereza wakumbuke kwamba wenzetu hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo tofauti yetu nao huwa saa mbili kipindi cha joto na tatu kipindi cha baridi.

Nimeingia Dubai kwa sababu wafanyabiashara wa Mwanza wanaokwenda huko hupitia Dar, na hapo pana mtego. Kama tiketi yako ni moja kuanzia Mwanza hadi Dubai, kuchelewa kwa ndege ya kwanza ni mzigo wa waliokuuzia: wanawajibika kukutafutia nyingine. Ukiwa na tiketi mbili ulizonunua mbalimbali, mzigo ni wako. Ndege ya Mwanza ikichelewa, ile ya Dubai haikujui. Juu ya hapo, safari za kimataifa huondokea Jengo la Tatu, lililoanza kutumika 2019, na ndege za ndani hutua jengo jingine. Utachukua begi lako, utoke, uhame jengo, uanze upya kaunta na uhamiaji. Kwa tiketi mbili mimi naweka nafasi isiyopungua saa tano kati ya kutua na kupaa, na kama ni safari ya viza iliyopatikana kwa taabu, ni bora kulala Dar usiku mmoja. Gharama ya chumba ni ndogo kuliko tiketi mpya ya siku hiyo hiyo.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chagua ndege ya kwanza ya siku. Ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku, na kila ikichelewa kidogo inaubeba ucheleweshaji huo kwenda kituo kinachofuata, hata ikifika jioni dakika 20 za asubuhi zimekuwa saa mbili. Ya alfajiri mara nyingi imelala hapo hapo uwanjani. Ina dosari moja: Ziwa Victoria hufanya mvua na radi zake zaidi usiku na kuelekea asubuhi, wakati nchi kavu ikisubiri mchana. Msimu wa mvua, ndege ya kwanza inaweza kuzuiwa Dar mpaka hali ya Mwanza itulie. Hata hivyo bado naichagua, kwa sababu ikichelewa una siku nzima mbele yako na ndege nyingine za kujaribu. Ndege ya mwisho ya siku ikifutwa, unalala.

Kurudi Dar kuna hesabu yake ndogo. Watu hawatoki Mwanza mikono mitupu. Kuna sato, kuna sangara, kuna dagaa. Samaki lazima wafungwe vizuri kwenye boksi lisilovujisha maji, na kaunta watakurudisha ukafunge upya kama halijawaridhisha. Ongeza nusu saa kwenye muda wako wa kufika uwanjani, na uulize mapema kama shirika lako linawahesabu ndani ya kilo zako au linawatoza pembeni.

La mwisho ni la namba ya simu. Ukinunua tiketi kwa wakala, mara nyingi huandika namba yake mwenyewe kwenye taarifa za safari, na ndege ikisogezwa mbele au nyuma, ujumbe huenda kwake, tena usiku akiwa amelala. Kabla hujatoka ofisini kwake, mwombe afungue taarifa zako, soma namba iliyoandikwa hapo, na kama si yako aibadilishe ukiwa umesimama mbele yake.